Umbu na Bei ya Msamaha: Usimulizi Upya wa Measure for Measure katika Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah

Makala haya yanaeleza jinsi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, anavyoisimulia upya tamthiliya ya Shakespeare, Measure for Measure, katika riwaya yake Gravel Heart (2017). Usimulizi upya si tafsiri. Julius Nyerere alipoifasiri Julius Caesar, kisa kilibaki Roma. Gurnah anakihamishia kisa chake Zanzibar ya baada ya Mapinduzi ya 1964, na katika kukihamisha anaigeuza hatima ya dada.

Katika tamthiliya, Claudio amehukumiwa kifo. Isabella, dada yake anayejiandaa kuwa mtawa, anakwenda kumwombea kwa Angelo, naye Angelo anautaka mwili wake uwe bei ya msamaha. Claudio mwenyewe, kwa hofu ya mauti, anamsihi akubali. Isabella anakataa, na hila ya kumpeleka mwanamke mwingine gizani inamsitiri. Katika riwaya, Amir anatiwa ndani. Umbu lake Saida, mke wa Masud na mama wa Salim, anatakiwa na Hakim, mtoto wa mkubwa serikalini. Hapa hakuna mwanamke mwingine. Saida anakwenda.

Neno umbu nimelitumia kwa makusudi. Umbu la mwanamume ni dada yake, na umbu la mwanamke ni kaka yake: jina ni moja, na deni ni la pande zote mbili. Nilipowasimulia kisa hiki akina mama wa kwetu Kengeja, kusini mwa Pemba, hakuna aliyeuliza kama Saida alitenda dhambi. Waliuliza habari za Amir: alipojua, alifanya nini? Mazungumzo ya uani si data ya utafiti, nakiri, lakini yalinirudisha kwenye matini. Kosa la Amir ni kuhusiana na umbu la Hakim. Hakim, basi, anailinda heshima ya umbu lake kwa kuivunja ya umbu la mwenzake. Usomaji unaoifuata safari ya Salim ya London peke yake huupita mzani huu bila kuuona.

Ugumu uko kwenye sauti. Isabella hujitetea jukwaani kwa ulimi wake, Saida hasimulii. Kisa chake tunakipata kwa Masud, anayemweleza Salim baada ya Saida kufariki. Kilichobaki chake ni vitendo, hasa kikapu cha chakula kinachomfikia Masud kila siku katika chumba cha uani dukani alikohamia. Mtafiti anaona kimya hicho kuwa gharama halisi ya usimulizi huu, wala si pambo lake. Hata hivyo, tamthiliya nayo haikukikwepa: mwishoni Mtawala anamposa Isabella, na Isabella hajibu neno.