Adapta ya Mtandao Usio na Waya

Redio ya nyumbani huleta sauti kutoka mbali, ingawa hakuna waya kati yake na kituo cha utangazaji. Sauti hiyo huchukuliwa na mawimbi ya redio. Kompyuta nazo zaweza kupelekeana habari kwa njia hiyo. Katika somo hili utajifunza kusoma maelezo ya chombo kinachofanya kazi hiyo.

Chombo hicho huitwa adapta. Adapta nyingine zimo ndani ya kompyuta. Nyingine ni ndogo kama kidole gumba, na huchomekwa ubavuni mwake. Adapta hugeuza habari za kompyuta kuwa mawimbi ya redio, na antena yake huyatoa hewani. Mawimbi hayo hupokewa na ruta, yaani chombo kinachounganisha kompyuta nyingi pamoja. Redio ya nyumbani hupokea tu, lakini adapta hupokea na kupeleka pia.

Masafa

Tupa jiwe katika maji yaliyotulia. Utaona mawimbi yakifuatana. Idadi ya mawimbi yanayopita mahali pamoja kwa sekunde 1 huitwa masafa. Kipimo chake ni hezi, kwa heshima ya Heinrich Hertz, mwanasayansi wa Ujerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio katika miaka ya 1880. Gigahezi 1 ni hezi 1,000,000,000. Adapta nyingi hutumia gigahezi 2.4 au gigahezi 5. Kwa kawaida mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali zaidi.

Kasi

Habari za kompyuta huhesabiwa kwa biti. Biti 8 ni baiti 1. Kwa hiyo picha ya megabaiti 5 ni megabiti 40. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo itafika baada ya sekunde 20. Kwa kasi ya megabiti 54, haitachukua hata sekunde 1. Kumbuka: kasi iliyoandikwa kwenye kisanduku ni ya juu kabisa. Umbali, kuta na wingi wa watumiaji huipunguza.

Kanuni

Ili vyombo vya viwanda mbalimbali vielewane, chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa kanuni ya 802.11 mwaka 1997. Kanuni zilizofuata zilipewa herufi:

a: mwaka 1999, gigahezi 5, megabiti 54
b: mwaka 1999, gigahezi 2.4, megabiti 11
g: mwaka 2003, gigahezi 2.4, megabiti 54
n: mwaka 2009, gigahezi 2.4 na 5, megabiti 600

Baadaye zilitolewa kanuni nyingine zenye kasi kubwa zaidi.

Tuseme shule ina ruta ya herufi g. Ikinunua adapta ya herufi a, fedha zitapotea bure. Kasi zao ni sawa, lakini masafa ni tofauti, hazitasikilizana kamwe. Ikinunua adapta ya herufi n yenye gigahezi 2.4, zitasikilizana, lakini kasi haitazidi megabiti 54, kwa kuwa msafara huenda kwa mwendo wa aendaye polepole. Basi, soma masafa kwanza, kisha kasi, ndipo ununue.

Maswali

1. Adapta hufanya kazi gani?
2. Je, adapta ya herufi b yaweza kusikilizana na ruta ya herufi a? Eleza sababu.
3. Picha ya megabaiti 11 itachukua sekunde ngapi kwa kasi ya megabiti 11 kwa sekunde?