Binti Yangu, Simu na Sataranji

Mama mwenzangu, je, umewahi kuamka usiku ukakuta mwanga wa simu chini ya blanketi la mtoto? Mimi yalinikuta. Ulikuwa msimu wa kahawa hapa Kyerwa, mwili umechoka kwa kuchuma na kuanika, na kesho yake binti yangu alikuwa na mtihani. Nilimnyang'anya simu kwa hasira, nikitegemea kukuta mambo ya aibu. Nilikuta picha ya ubao wenye miraba 64, farasi na ngome.

"Mama, najifunza kufungua mchezo," alisema huku akilia.

Mchezo wenyewe ni sataranji, ambao vijana huuita chesi. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na vitunda vinane. Kufungua ni zile hatua za mwanzo, kabla mapambano hayajapamba moto. Siku hizi zipo programu za kuzifundisha. Mojawapo ni Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Thibault Duplessis wa Ufaransa. Haidai malipo wala haina matangazo. Mwanafunzi husogeza kete, programu humjibu kama mpinzani, na akikosea humtaka ajaribu tena.

Kukariri si kujua

Nilimrudishia simu kwa masharti: amalize masomo kwanza, acheze nusu saa tu, tena sebuleni. Jioni nikamwambia, "Haya, nionyeshe." Vidole vilikimbia. Nikauliza, "Kwa nini farasi umempeleka pale?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Programu ndiyo inataka hivyo."

Jumamosi alikuja binamu yake, wakacheza. Katika hatua ya tatu tu, kijana yule alisogeza kete ambayo binti yangu hakuikariri. Akababaika, akashindwa, akasema hachezi tena.

Hapo nami nilijifunza. Tangu siku hiyo hagusi kete kabla ya kunieleza sababu. Kitunda cha mbele ya mfalme husogea miraba miwili ili kishike katikati ya ubao na kuwafungulia njia malkia na askofu. Farasi hutoka kukitishia kitunda cha mpinzani. Askofu naye hutoka, na hivyo mfalme hupata nafasi ya kwenda kujificha pembeni akilindwa na ngome. Mpinzani akibadili njia, mtoto anayejua sababu hapotei.

Vilevile aliacha tamaa ya kumtoa malkia mapema ili ashinde kwa hatua nne. Hila hiyo humshinda mgeni wa mchezo tu. Anayejua kujilinda humfukuza malkia huku na huku, na wakati huo anazitoa kete zake bila taabu.

Mfano wa jirani

Ng'ambo ya Mto Kagera, katika nchi ya Uganda, ndiko alikotoka Phiona Mutesi, aliyekulia Katwe, mtaa wa wanyonge jijini Kampala. Mwaka 2005 alimfuata kaka yake kwenye mafunzo ya sataranji ya Robert Katende, ambako watoto walipewa uji. Mwaka 2012 aliichezea nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul na kupata cheo cha kimataifa. Mwaka 2016 filamu ilitolewa juu ya maisha yake. Yeye alianza kwa ubao na mwalimu wa kumwelekeza. Simu inaweza kuwa ubao, lakini nani atamwuliza mtoto "kwa nini"?

Akina mama, hatuhitaji kuujua mchezo wote. Tukae karibu, tuulize, tuweke saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na usiku simu ilale chumbani kwetu. Asiye na simu achore ubao kwenye boksi na kutumia vifuniko vya soda vilivyoandikwa majina ya kete.

Juzi nilimsikia binti yangu akimfundisha mdogo wake. Mdogo alisogeza farasi haraka. Dada yake akamshika mkono, akamwuliza, "Kwa nini pale?"

Nilicheka peke yangu jikoni.