Kubadilisha antivirusi nyumbani: mlinzi wa zamani atoke kwanza, mpya aingie kisha

Kisangani. Kompyuta ya nyumba hapa kwetu haiko ya mtu mmoja. Asubuhi mtoto anaandika kazi ya chuo, mchana mama anapiga hesabu ya biashara yake, mangaribi jirani anakuja na flashi kuchukua picha za arusi. Kwetu sisi wa sendika ya wachimbaji, masini kama hiyo inabeba tena mzigo mwingine: liste ya wanachama, michango ya kila mwezi, barua za malalamiko, majina ya wale walioumia ndani ya mashimo. Biro hatuna. Masini inakaa nyumbani kwa mmoja wetu, komini ya Makiso, na ndiyo maana swali la antivirusi, ambalo wengi wanasema ni la mafundi tu, limekuwa swali la mkutano.

Leseni yetu iliisha mwaka huu. Kila tukiwasha masini, dirisha lilitokea: lipa, lipa, masini yako iko katika hatari. Bei iko kwa dola, na malipo yanaomba karte ya banki, kitu ambacho wachimbaji wengi hawana. Mzee mmoja akauliza: « Tunalipa tena ao tunabadilisha? » Tulichagua kubadilisha, lakini kwanza tulitaka kuelewa tunabadilisha nini.

Mlinzi anayeona vyote

Antivirusi siyo programu kama zingine. Ili ifanye kazi, inapaswa kufungua kila fishie, kuangalia kila flashi inayoingia na kufuata kila ukurasa unaofunguliwa kwa intaneti. Ni kama mlinzi uliyempa funguo za vyumba vyote. Kwa hiyo swali la kwanza siyo bei. Swali la kwanza ni: huyu mlinzi ni nani, na yale anayoona anayapeleka wapi?

Mifano iko. Kampuni Avast, iliyozaliwa Prague, ilikuwa inatoa antivirusi ya bure kwa watu wengi sana. Mwaka 2020 ilifunga kampuni yake ndogo Jumpshot, kisha watu kujua kwamba habari za kurasa ambazo watumiaji walitembelea zilikuwa zinauzwa. Mwaka 2024, shirika la Marekani linalolinda wanunuzi, FTC, liliiomba Avast ilipe dola milioni 16,5 na kuikataza kuuza habari kama hizo kwa ajili ya matangazo. Kitu cha bure kilikuwa na bei yake, lakini bei ile haikuandikwa mlangoni.

Mfano wa pili ni Kaspersky, kampuni ya Moscow. Mwezi wa sita 2024, serikali ya Marekani ilikataza kuuza programu zake katika inchi hiyo, ikisema Urusi inaweza kuitumia kupeleleza. Kampuni ilikana. Mwezi wa tisa, watu wengi Marekani waliwasha masini na kukuta Kaspersky imetoka yenyewe na programu ingine, UltraAV, imekaa mahali pake. Wengi walilalamika kwamba mlinzi mpya aliingia nyumbani bila wao kumfungulia mlango. Hapa Congo katazo hilo halituhusu, lakini somo linatuhusu: kubadilisha antivirusi ni uamuzi wa mwenye nyumba.

Virusi vya kwetu vinatembea kwa flashi

Katika mji wetu intaneti inauzwa kwa mega, na mega zinakwisha haraka. Basi watu wanapashana vitu kwa flashi: kutoka chuo mpaka secrétariat public, kutoka hapo mpaka nyumbani. Virusi vinafuata njia hiyohiyo, kama abiria juu ya toleka.

Kile kinachojulikana zaidi kinaficha dosie zako na kuweka mahali pake raccourci za jina lilelile. Mtu akibofya, anafungua dosie yake na virusi pamoja. Wengi wanaona hivyo, wanalia kwamba kazi imepotea, wanafuta flashi yote. Musifute haraka. Mara mingi fishie ziko palepale, zimefichwa tu; fundi anayejua anaweza kuzirudisha. Tunasikia pia watu wanasema: « Iko na virusi, lakini iko inatembea. » Masini inaweza kutembea na virusi miezi, huku inaambukiza kila flashi ya jirani.

Namna ya kubadilisha

Hatua tulizofuata ni hizi, na yeyote anaweza kuzifuata.

Kwanza, nakili vitu vya maana kwenye diski ya inje, kisha ichomoe. Angalia tena ndani ya karantini ya antivirusi ya zamani: kama kuna fishie yako iliyofungwa humo, ujue kwamba inaweza kufutika pamoja na programu.

Pili, teremsha programu mpya mbele ya kutoa ya zamani, na uichukue kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, siyo kwenye flashi ya rafiki. Siku ya mega za bei ndogo, fanya kazi hiyo.

Tatu, kata intaneti na usiingize flashi yoyote. Toa antivirusi ya zamani kwa njia ya Windows, kisha zima na kuwasha tena masini. Zingine zinaacha mabaki. Avast, Norton, McAfee na Kaspersky wana kila mmoja programu ndogo ya kusafisha mabaki yake.

Ine, weka mpya, rudisha intaneti, fanya mise à jour, halafu iache ichunguze masini yote, hata kama inachukua saa nyingi.

Tano, kama ya zamani ilikuwa inalipwa kwa karte, simamisha malipo ya kila mwaka. Kutoa programu hakusimamishi malipo.

Wengine wanafikiri walinzi wawili ni bora kuliko mmoja. Kwa antivirusi siyo hivyo. Zote mbili zinataka kufungua fishie moja kwa wakati mmoja, zinashukiana, na masini ndogo inakuwa nzito mpaka inasimama.

Na kuna jambo la umeme. Tuko na barrage ya Tshopo ndani ya mji, lakini umeme unakatika bila kuaga. Masini ikizimika katikati ya kazi hii, inaweza kubaki bila mlinzi wa zamani wala mpya. Jaza batri kwanza; mwenye masini ya mezani angoje groupe ao saa ambapo umeme unatulia katika avenue yake.

Je, kulipa ni lazima?

Tangu Windows 8, mwaka 2012, Microsoft inatia antivirusi yake ndani ya Windows bila malipo. Leo inaitwa Microsoft Defender. Katika Windows 10 na 11, ukiweka antivirusi ingine, Defender inalala. Ukiitoa, inaamka yenyewe. Miaka hii ya nyuma laboratware AV-TEST ya Ujerumani inaipa alama nzuri. Ndiyo tuliyochagua. Kwa masini isiyo na intaneti, mise à jour yake inaweza kuteremshwa kwingine na kuletwa kwa flashi safi. Inazidi mega 100, lakini ni fishie moja tu.

Kile tusichokubali ni krak. Leseni ya kuiba inafunguliwa na programu isiyojulikana, na maagizo yake yanaanza mara nyingi hivi: zima antivirusi. Yaani unafukuza mlinzi ili mwizi akuletee mlinzi.

Tena, antivirusi peke yake haitoshi. Tarehe 12 mwezi wa tano 2017, virusi WannaCry vilifunga masini katika inchi zaidi ya 150 na kuomba feza ili vifungue. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu lile tangu mwezi wa tatu. Walioumia ni hasa wale ambao hawakuweka dawa. Na Windows 10, ambayo iko katika nyumba nyingi za hapa, iliachwa na Microsoft tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Defender yake inaendelea kupata majina ya virusi vipya, lakini bila mpango wa nyongeza wa Microsoft, matundu ya ukuta hayazibwi tena. Mwenye masini inayokubali Windows 11 asingoje.

Majina ya watu siyo mali yetu

Sheria ya numérique ya inchi yetu, ordonnance-loi nambari 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaongea juu ya ulinzi wa habari za watu. Lakini hata bila sheria, mchimbaji aliyetoa jina lake na kulalamika juu ya shimo lisilo na mbao za kushikilia ukuta anajua hatari anayobeba. Liste ile ikitoka, anaweza kupoteza kazi. Ikifungwa na virusi, na nakala hakuna, mjane anaweza kukosa karatasi inayoonyesha kwamba bwana yake alilipa michango miaka yote.

Kwa hiyo mkutano ulikata hivi: feza ya leseni inunue diski ya inje. Kila juma delege wawili wanaandika nakala, kisha diski inakaa nyumba ingine, mbali na masini na mbali na flashi. Flashi ya mtu yeyote, hata ya prezida wa sendika, inachunguzwa mbele ya kufunguliwa. Mwanzoni wengine walinuna. Sasa kila mtu akifika anaweka flashi yake juu ya meza na kungoja zamu yake.