Jina Moja, Vinywaji Vingi: Kisa cha Soda ya Waskoti

Kila nchi ina kinywaji ambacho wenyeji wake hukitamani wakiwa ugenini. Mtanzania aliye masomoni ng'ambo hukumbuka ukali wa soda ya tangawizi. Mskoti hukumbuka soda yenye rangi ya chungwa lililoiva mno, iitwayo Irn-Bru. Soda hiyo hutengenezwa na kampuni ya A.G. Barr, na huko Uskoti ni nadra kukuta duka lisiloiuza. Nje ya hapo upatikanaji wake ni wa kubahatisha, na hata anayeipata huenda asiwe amepata kile alichokitafuta. Jina ni lile lile, lakini kilichomo chupani hubadilika kulingana na nchi na mwaka. Katika kuchunguza sababu zake tutakutana na kemia, na sheria, na hesabu ambazo mwanafunzi anaweza kuzifanya mwenyewe.

Kampuni ya Barr ilianza kuuza kinywaji hicho mwaka 1901. Wakati huo kiliitwa Iron Brew, yaani kinywaji cha chuma kilichotengenezwa kwa kuchachushwa. Jina hilo halikuwa la Barr peke yake: viwanda vingi vilitengeneza soda za jina hilo, kila kimoja kwa mapishi yake. Hata leo Afrika Kusini ina soda iitwayo Iron Brew ambayo si ya Waskoti, wala ladha zake hazifanani. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, serikali ya Uingereza iliviunganisha viwanda vya soda chini ya chama kimoja ili kuokoa sukari, mafuta na nguvukazi. Chapa za kampuni mbalimbali zikatoweka madukani hadi mwaka 1948. Kabla ya kurejea sokoni, Barr walisikia kwamba sheria mpya ingetaka jina la chakula liwe la kweli. Soda ile haikuchachushwa. Basi mwaka 1946 kampuni ilifuta baadhi ya herufi na kuandika jina kama linavyotamkwa: Irn-Bru. Neno lisilo na maana kamusini haliwezi kushtakiwa kwa kusema uongo.

Je, chuma chenyewe kimo? Kimo, lakini kwa kiasi gani? Matangazo ya kampuni hiyo yaliwahi kutania kwamba soda hiyo hutengenezwa kwa boriti za chuma. Lebo ya chupa ilionyesha kuwa ina amoniamu feriki sitreti kwa asilimia 0.002. Hiyo ni sawa na miligramu 20 hivi katika lita moja. Takriban sehemu moja kwa tano ya kampaundi hiyo ndiyo chuma, yaani miligramu 4 kwa lita. Kopo la mililita 330, kwa hiyo, lina miligramu 1.3 tu. Mwanamume mzima huhitaji kama miligramu 8 kwa siku. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huhitaji zaidi. Mwenye kutaka kutimiza haja yake kwa soda hiyo ya zamani angelazimika kunywa makopo 6 au 7, na pamoja nayo zaidi ya gramu 200 za sukari. Sahani moja ya maharage ingemfaa zaidi, tena kwa gharama ndogo. (Kampaundi hiyo hiyo, ikichanganywa na potasiamu ferisianaidi, hugeuka buluu inapopigwa na jua. John Herschel aligundua jambo hilo mwaka 1842, na ndiyo asili ya karatasi za buluu zilizotumiwa na wachora ramani za majengo.)

Soda hiyo ina pia kwinini kidogo, dawa ya malaria iliyotokana na magamba ya mti wa sinkona, mti ambao uliwahi kupandwa Amani katika milima ya Usambara. Katika soda kazi yake ni kuleta uchungu tu.

Sababu ya kwanza ya kinywaji kubaki kwao ni uzito. Soda yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 karibu yote iliyobaki ni maji, na kusafirisha maji kutoka bara moja hadi jingine ni gharama isiyo na faida, kwa kuwa maji yapo kila mahali. Ndiyo maana kampuni kubwa za soda husafirisha kiini au shira nzito tu, kisha kiwanda cha mahali huongeza maji, sukari na hewa ya kabonidayoksaidi. Kampuni isiyo na mtandao wa viwanda vya namna hiyo hufika mbali kwa shida.

Chupa nayo hufunga safari. Chupa ya kioo inayorudishwa, kama ijulikanavyo vyema na kila mwenye duka hapa nchini aliyewahi kudai chupa tupu kabla ya kutoa iliyojaa, haiwezi kwenda mbali na kiwanda kilichoijaza. Gari lililopeleka kreti zilizojaa sharti lirudi na tupu. Barr waliendesha utaratibu huo kwa zaidi ya miaka mia. Watoto wa Uskoti waliokota chupa na kuzibadilisha kwa fedha, mwishoni peni 30 kwa kila chupa. Utaratibu huo ulikoma mwisho wa mwaka 2015, wakati ambapo chupa moja tu kati ya mbili ilikuwa ikirudi kiwandani.

Kizuizi kingine si cha gari wala cha kreti, bali ni cha maabara. Rangi ya Irn-Bru hutokana na rangi mbili za viwandani, Sunset Yellow na Ponceau 4R. Ya pili haimo katika orodha ya rangi zinazoruhusiwa katika vyakula nchini Marekani. Soda iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani ililazimika kuacha rangi hiyo. Huko Ulaya rangi zote mbili zimeruhusiwa, ila tangu Julai 2010 lebo hulazimika kuonya kwamba zinaweza kudhuru utulivu na usikivu wa watoto. Onyo hilo lilifuata uchunguzi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Southampton na kuchapishwa mwaka 2007. Kanada nayo, hadi Machi 2010, iliruhusu kafeini iongezwe katika soda za aina ya kola peke yake, basi Irn-Bru ya Kanada haikuwa nayo. Mskoti aliyehamia Toronto aliweza kununua kopo lenye jina analolijua na kulinywa lote, akakosa kichangamsho alichokizoea bila kujua kimepotelea wapi. Ni wazi kwamba serikali hizo zilitazama kemikali zile zile lakini hazikufikia uamuzi mmoja.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, halikutokea ng'ambo. Lilitokea nyumbani. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2018 Uingereza ilitoza ushuru kwa soda zenye sukari: peni 18 kwa lita ikiwa sukari ni gramu 5 au zaidi katika mililita 100, na peni 24 ikiwa ni gramu 8 au zaidi. Irn-Bru ilikuwa na gramu 10.3. Miezi michache kabla ya tarehe hiyo kampuni ilipunguza sukari hadi chini ya gramu 5, na kujazia utamu uliopungua kwa kemikali kama aspatamu. Kopo lililokuwa na gramu 34 za sukari likabakiwa na nusu yake au pungufu.

Waganga wa meno yamkini walifurahi. Wanywaji wengi walikasirika. Maelfu walitia sahihi barua ya kupinga, na wengine walinunua kreti kwa kreti wakazificha majumbani kabla ya akiba ya zamani kwisha. Watu wa Glasgow, waliokuwa hawajawahi kuitafuta soda hiyo, walianza kupita duka hadi duka wakisoma maandishi madogo nyuma ya chupa ili kujua kama ni ya kabla au ya baada.

Mwaka 2019 Barr walitoa kwa muda toleo liitwalo Irn-Bru 1901, lililofuata mapishi ya kale: sukari nyingi, wala hakuna kafeini. Lilipendwa, na mwaka 2021 likarudishwa madukani moja kwa moja. Lakini soda iliyonyweka miaka iliyotangulia 2018 ilikuwa na sukari nyingi na kafeini pia. Mtu anayeitafuta hiyo hataipata katika chupa yoyote kati ya hizo mbili, hata akisimama mbele ya lango la kiwanda.