Jeshi la kwanza la mtoto: mzazi aangalie nini kabla ya kulipa

Mtoto wa miaka 12 amerudi kutoka shule. Hajavua hata viatu, anaomba jeshi. Mwenzake wa darasani analo, wanacheza kila Ijumaa, na yeye amebaki mtazamaji. Mzazi anakwenda dukani na kukuta boksi moja linakaribia pauni 100. Ndani yake hakuna hata askari mmoja aliyekamilika. Ni vipande vya plastiki ya kijivu vya kukata, kuunga kwa gundi na kupaka rangi.

Ndivyo mzazi aliyehamia Uingereza kutoka Dar es Salaam au Mombasa anavyoweza kukutana na Warhammer kwa mara ya kwanza.

Mchezo wa kupiganisha askari wadogo mezani si wa juzi. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni zake, Little Wars. Warhammer yenyewe ilitoka mwaka 1983, na Warhammer 40,000, inayohusu vita vya anga za juu, ikafuata mwaka 1987. Zote ni za kampuni ya Games Workshop, yenye makao yake mjini Nottingham.

Wachezaji ni wawili, kila mmoja na jeshi lake. Wanasogeza askari kwa kupima inchi, kisha wanarusha dadu kujua nani kapigwa na nani kapona. Kila kikosi kina thamani yake kwa pointi. Kwa hiyo jeshi la askari 20 wenye nguvu linaweza kukutana na jeshi la askari 80 dhaifu na pambano likawa sawa.

Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Mtoto huuliza, “Jeshi gani lina nguvu zaidi?” Mzazi naye hununua hilo. Lakini kampuni hurekebisha thamani za pointi mara kwa mara, na Warhammer 40,000 ilipata matoleo mapya mwaka 2017, 2020 na 2023. Jeshi linalotamba leo laweza kuwa la kawaida mwakani. Swali la maana ni jingine: jeshi gani mtoto huyu ataweza kulimaliza?

Hesabu ya vichwa

Tuseme mtoto anatumia saa mbili kuunga na kupaka rangi askari mmoja, na ana saa mbili tu kila wikiendi. Askari 10 watamchukua wiki 10. Askari 100 watamchukua karibu miaka miwili. Wengi hawafiki huko. Boksi linaishia chini ya kitanda, mtoto anajiona ameshindwa, na mzazi anaona fedha zake zimepotea.

Kwa hiyo jeshi lenye askari wachache ni heri kwa anayeanza. Astra Militarum, jeshi la binadamu wa kawaida na vifaru, linaweza kupita askari 100 katika mchezo mkubwa. Orks nao huja kwa makundi. Ni majeshi mazuri, ila yanataka subira ya mtu mzima.

Jeshi linalosamehe makosa

Space Marines ndio wanaopendekezwa zaidi kwa wanaoanza, na si kwa sababu ya matangazo tu. Wana silaha nzito za kujikinga, hivyo mtoto akiwaweka mahali pabaya hawafutiki wote kwa zamu moja. Mavazi yao yana sehemu pana zilizo laini, ambazo ni rahisi kupaka rangi kwa mkono usiozoea brashi.

Necrons ni mifupa ya chuma. Wanapuliziwa rangi ya fedha, wanapakwa rangi nyeusi nyepesi inayojaa kwenye mikunjo, wanaongezewa kijani kidogo kwenye bunduki, na tayari wanapendeza. Tena kanuni zao huruhusu walioanguka kuinuka tena, jambo linalompa moyo mtoto anayefungwa.

Adeptus Custodes, wa rangi ya dhahabu, ni wachache kuliko wengi. Mchezo mkubwa unaweza kuhitaji askari wasiofika 30. Lakini uchache huo una bei yake: akianguka mmoja, pengo linaonekana.

Majeshi ya Aeldari na Drukhari yana kasi kubwa lakini ni mepesi kuvunjika. Hayo yafaa yasubiri mpaka mtoto azoee.

Moyo wa mtoto na mipaka ya nyumba

Pamoja na hesabu hizo, mtoto asipopenda sura ya askari wake hatawapaka rangi. Njia nzuri ni mzazi kuchuja majeshi mawili au matatu yanayofaa, kisha kumwachia mtoto achague mwenyewe.

Mzazi ajue pia kwamba hadithi za Warhammer 40,000 ni za giza: vita visivyoisha, mafuvu ya vichwa, na majeshi ya Chaos yenye mashetani. Familia isiyotaka hayo mezani iseme mapema, kabla mtoto hajaweka moyo wake huko. Kampuni hiyo hiyo ina mchezo mwingine unaotokana na vitabu vya Tolkien, ambao baadhi ya wazazi huuona una nafuu.

Boksi moja, mpinzani mmoja

Kabla ya kulipa, mzazi aulize mtoto atacheza na nani. Kama marafiki zake wanacheza Warhammer 40,000, kumnunulia jeshi la mchezo mwingine ni kumnunulia upweke.

Maduka mengi ya Warhammer humpa mgeni askari mmoja ampake rangi hapo hapo bila malipo, na humwonyesha mchezo mfupi. Mtoto akichoka baada ya dakika 20, mzazi ameokoa pauni 100. Akivutiwa, kuna maboksi ya kuanzia yenye pande mbili, ambayo ndugu wawili au mtoto na mzazi wanaweza kugawana. Kuna pia boksi la Combat Patrol, ambalo ni jeshi dogo kamili linaloweza kuchezwa bila kuongeza kitu. Askari wa mitumba nao hupatikana, mara nyingi kwa bei ndogo.

Bajeti ikumbuke gundi, koleo ndogo ya kukatia, brashi na rangi. Gundi itumike dirisha likiwa wazi, rangi ya kupuliza ipulizwe nje, na kisu kiwe chini ya macho ya mkubwa. Vipande vidogo vikae mbali na mdogo anayetia kila kitu mdomoni.

Gharama kubwa haiji siku ya kwanza. Inakuja kidogo kidogo, boksi hili leo na lile mwezi ujao. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Dawa yake ni sharti moja linalowekwa mapema, ambalo mtoto analielewa: boksi la pili litafunguliwa siku askari wa mwisho wa boksi la kwanza atakapokauka rangi.