UKIRITIMBA WA MIFUMO ENDESHI YA KOMPYUTA NA HAKI YA MLAJI KUCHAGUA

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Songo Songo wanaarifiwa kuwa tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza wa muda. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki, bali kadiri siku zipitavyo kinga yake dhidi ya virusi na wezi wa taarifa hupungua. Mfumo uliofuata, Windows 11, hudai vifaa vya ndani ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Hivyo basi, mwenye mashine nzima anaweza kuambiwa anunue nyingine. Inafaa asili ya jambo hili ifahamike.

Mfumo endeshi ni nini?

Mfumo endeshi ni programu mama, inayoanza kazi mara kompyuta inapowashwa. Ndio unaoiwezesha mashine kupokea herufi zinazochapwa, kutunza mafaili, kupeleka barua kwenye printa na kuziendesha programu nyingine zote. Simu nazo zina mifumo yake: nyingi hutumia Android ya kampuni ya Google, na zile za iPhone hutumia iOS ya Apple.

Jinsi mlaji anavyofungwa

Wakulima wa mwani wa pwani ya Tanzania wanaufahamu utaratibu ambao mnunuzi hutoa kamba na mbegu, naye mkulima huahidi kumuuzia yeye peke yake mavuno. Siku ya kupokea kamba mkulima hupata nafuu. Siku ya mizani, mwenye kauli ya bei ni mnunuzi. Waama, rahisi ghali.

Mfumo unaokuja ndani ya kompyuta mpya unafanana na kamba hizo. Bei yake haionekani, kwa kuwa imo ndani ya bei ya mashine. Mtumiaji akishatunza nyaraka zake zote kwa programu za mfumo huo, na mkono ukishazoea, kuhama huwa na gharama. Aidha, watengenezaji wa programu huuandalia mfumo wenye watu wengi, na watu nao huchagua mfumo wenye programu nyingi. Kwa mzunguko huo, mshindani mpya hupata taabu kubwa kuingia sokoni hata kama bidhaa yake ni bora.

Maamuzi ya mahakama na sheria

Mwezi Mei, 1998 Serikali ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa, iliishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu ya Windows kuwazuia washindani, hasa katika programu za kusomea intaneti. Mwaka 2000 jaji aliamuru kampuni igawanywe mara mbili. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ilitengua amri ya kuigawa, lakini ilikubali kwamba kampuni ilikuwa imeulinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Barani Ulaya, kampuni hiyo ilitozwa faini ya euro milioni 497 mwaka 2004. Mwaka 2018 Google nayo ilitozwa euro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu za Android. Mwaka 2022 mahakama iliipunguza kidogo faini hiyo.

Kwa upande wa Tanzania, ipo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Ieleweke kwamba chini ya sheria hiyo ukubwa wa kampuni peke yake si kosa. Kosa ni kuitumia nguvu ya soko kuua ushindani.

Njia nyingine zipo

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi nchini Finland, alianzisha Linux, ambao hadi leo mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha. Baadhi ya matoleo yake huendesha vizuri kompyuta za zamani. Kiswahili nacho kimenufaika na uhuru wa namna hiyo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Haikuhitajika ruhusa ya kampuni yoyote ili kuitafsiri.

Hata hivyo, kuhama si jambo la pupa. Zipo programu zisizofanya kazi nje ya Windows, na anayehama huhitaji muda wa kujifunza upya.

Mambo ya kuzingatia

Wananchi na watumishi wanashauriwa yafuatayo:

(a) Kabla ya kununua kompyuta, muuzaji aulizwe mfumo uliomo ni upi, utahudumiwa hadi lini, na bei ni kiasi gani bila mfumo huo.

(b) Nyaraka za kudumu zitunzwe pia katika muundo wa wazi, unaosomeka kwa programu za kampuni zaidi ya moja, na nakala iwekwe nje ya mashine.

(c) Wanaojifunza kompyuta wafundishwe kazi yenyewe, mathalan kuandika barua au kupanga hesabu, si kukariri vitufe vya programu moja tu.

(d) Mtumishi asibadilishe mfumo katika kompyuta ya ofisi kwa hiari yake. Suala hilo lipelekwe kwa Afisa TEHAMA wa Halmashauri, kwa kuwa viwango vya taasisi za umma husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa Sheria ya mwaka 2019.

(e) Mlaji anayeona amelazimishwa kununua bidhaa kwa sharti lisilo la haki awasilishe malalamiko yake Tume ya Ushindani.

Haki ya kuchagua haimlazimu mtu kuacha anachokitumia. Maana yake ni kwamba siku atakapotaka kuondoka, au atakapolazimika, nyaraka zake na ujuzi wake aweze kuondoka navyo. Maandalizi ya siku hiyo hufanywa mapema, wakati mashine ingali nzima.