Maneno ya Barabarani (3): "Alight", Neno Lililoshuka Farasini

Wiki jana tuliishia kwenye "board", tukaona kwamba asili yake ni ubao wa ubavuni mwa meli. Leo ni zamu ya pacha wake, "alight". Panda matatu ya 111 pale Railways uelekee Ngong, na si ajabu ukayasikia yote mawili kabla hujafika Adams Arcade. Mmoja anamwambia mwenzake kwenye simu kwamba ameshaboard. Mwingine anamuuliza makanga kama gari litasimama Prestige, maana yeye anaalight hapo.

Kwa Mwingereza wa leo hilo ni neno la vipaza sauti. Treni za chini ya ardhi za London hulitumia kumtangazia abiria kituo cha kushukia, lakini abiria huyohuyo akizungumza na mkewe husema "get off". Huku kwetu neno limetoka kwenye matangazo likaingia kinywani mwa fundi, mwanafunzi na mama mboga. Kuna wasomi wanaolicheka, wakidai ni Kiingereza cha ofisini kilichopotea njia kikajikuta Kangemi. Sioni cha kuchekesha. Neno lenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja limepata watu wa kulitumia kila asubuhi, ilhali kwao limebaki la mitambo.

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi "alihtan". Ndani yake mna neno lenye maana ya wepesi, lile lile ambalo leo ni "light" ya kitu kisicho kizito. Hapo mwanzo, basi, kitenzi hiki hakikuhusu kwenda chini. Kilihusu kupunguza uzito. Na aliyepunguziwa uzito hakuwa mpandaji, alikuwa farasi: mtu akiruka chini, mgongo wa mnyama umepumua. Baadaye watu wakausahau mgongo wa farasi, wakaitazama miguu ya mpandaji inavyogusa ardhi, na maana ikahamia huko. Kutoka hapo haikuwa kazi kulitumia neno hilo kwa ndege anayetua tawini.

Wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wanamkumbuka Rebeka aliyeshuka ngamiani alipomwona Isaka. Wafasiri wale walitumia "light", ndugu mfupi wa neno letu. Na kwa kuwa tumegusa ukoo, nimtaje binamu mmoja asiyetarajiwa: "lung", yaani pafu, limetoka katika mzizi huohuo wa wepesi, na wauza nyama wa Uingereza waliyaita mapafu ya mnyama "lights". Aliyewahi kuyachemsha anajua yanavyoelea sufuriani.

Abiria wetu wa 111 akishapita Dagoretti Corner ataukuta uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Racecourse, unaotumika tangu mwaka 1954. Humo neno hili liko nyumbani kabisa. Katika mbio nyingi farasi mwenye rekodi nzuri hubebeshwa uzito zaidi ili wengine nao wapate nafasi, na baada ya mbio joki hushuka, akavua tandiko, akaenda nalo kwenye mizani. Mbio zote zinazunguka swali la nani amembebesha mnyama kilo ngapi. Nje ya ukuta, barabarani, hesabu ni tofauti: mkazi wa Nairobi hupanda meli asubuhi, na akifika aendako hushuka farasi.

Kiswahili kina "shuka", nacho kinatosha. Kila siku watu hupiga bodi ya gari wakasema "shukisha hapo mbele", na gari likasimama. Lakini kitenzi chetu kinachofanana na "alight" kwa tabia ni "tua". Mchukuzi hutua mzigo. Ndege hutua mtini, na eropleni hutua Wilson. Maana zile mbili, ya mzigo kuondoka na ya ndege kugusa tawi, ambazo Kiingereza kilizifikia kwa safari ndefu ya kupitia mgongo wa farasi, sisi tunazo katika silabi mbili. Tena Tanzania wana msemo wa kampeni za maji, kumtua mama ndoo kichwani. Uuchunguze: anayetuliwa ni mama, mbebaji, kama alivyokuwa farasi katika Kiingereza cha kale. Makanga nao wanaongea lugha ya mzigo bila kujijua. Wito wao ni "beba beba", na gari linaloita watu kwa hamsini husemwa linabeba hamsini. Kwa msemo wa Tanzania, matatu ndiyo mama, na abiria, samahani, ni ndoo.

Sasa tahajia, ambayo ndiyo iliyowafanya wasomaji wengi kuniandikia. Nimeona "alite", nimeona "allight", nimeona "a light" kwa maneno mawili. L ni moja, neno ni moja, na "gh" haina budi kuwepo ingawa haitamkwi. Zamani ilitamkwa. Sauti yake ilikuwa karibu na "kh" ambayo mtu wa Pwani huitoa kooni katika "Khamisi", nasi wa bara tukailainisha tukasema Hamisi. Waskoti wapo wanaoitamka hadi leo katika "licht", na Wajerumani wana sauti iliyo jirani nayo katika "leicht". Waingereza waliiacha polepole, lakini William Caxton alikwisha kuanzisha mtambo wa kuchapisha vitabu Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi huku ndimi zikiendelea na safari. Sisi tulioandika "heri" baada ya kuacha "kheri" tulijihurumia zaidi. Kuna mzaha pia katika historia hii: "delight", furaha, haikuwa na "gh" wala haihusiani na wepesi. Ni neno la Kifaransa, na "gh" ilipachikwa karne ya 16 kwa kuiga "light".

Msichanganye neno letu na "alight" nyingine, ya kuwaka moto. Gazeti likisema matatu ilikuwa "set alight", abiria hawakushushwa, gari lilichomwa. Hiyo inatoka katika "light" ya mwanga, ambayo kwa asili ni neno jingine kabisa, jamaa wa "lux" ya Kilatini. Maneno mawili yaliyozaliwa mbalimbali yamekuja kuvaa herufi zilezile.

Kuhusu wakati uliopita, Kiingereza cha kawaida ni "alighted". "Alit" ipo, lakini ni ya vitabuni, na humfaa zaidi ndege kuliko mtu wa Uthiru. Katika mazungumzo yetu kiambishi kinatosha: "nilialight ABC". Anayesema "nilialighted" amelipa nauli mara mbili.

Limebaki kosa moja ninalolikuta mara kwa mara katika barua na taarifa: kusahau "from". Kwa Kiingereza cha sasa mtu hu-"alight from a matatu", hawezi ku-"alight a matatu". Mwalimu akitia wino mwekundu hapo ana haki. Lakini mwanafunzi anayependa kubishana aweza kumjibu kwamba kitenzi hiki hapo kale kilimchukua mtendwa wake moja kwa moja, na kwamba sentensi yake, ikisomwa kwa maana ile ya mwanzo, inasema ameifanya matatu kuwa nyepesi.

Wiki ijayo: "stage".